Kalokol na Kalenda ya Mavuno

Kabla msafiri kutoka Lodwar hajafika Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, hukuta kando ya barabara nguzo 19 za mawe meusi zimesimama jangwani, nyingine wima, nyingine zimelala upande, zote ndani ya mduara wa mawe madogo. Juu ya nyingi kuna kokoto. Wapitanjia huziweka hapo tangu zamani, na hata dereva wa gari la samaki mwenye haraka yake anaweza kusimama, akaokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo na kuendelea na safari. Mahali hapo panaitwa Namoratunga. Wazee husimulia kwamba mawe hayo yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka asiyestahili kuchekwa, wakageuka mawe papo hapo.

Mwaka 1978 watafiti B. M. Lynch na L. H. Robbins walichapisha katika jarida la Science hoja iliyowashtua wengi. Walisema nguzo hizo zilisimikwa miaka 300 hivi kabla ya Kristo, tena kwa kuelekezwa kwenye nyota saba na makundi ya nyota ambayo Waborana huyatumia kuhesabu mwaka wao wa miezi 12 na siku 354. Miaka minne baadaye Robert Soper alikwenda akapima upya, akaona mawe yenyewe yana usumaku unaopotosha dira, na hoja ya nyota ikapoteza nguvu. Uchunguzi uliofuata uliusogeza umri wa mahali hapo nyuma sana, hadi miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Leo wataalamu wanaitazama Namoratunga pamoja na Lothagam Kaskazini, kusini zaidi, ambako wafugaji wa kwanza wa ziwa hili walizika mamia ya watu wao chini ya jukwaa moja la mawe.

Hata hivyo, naona swali lililowapeleka Lynch na Robbins pale lilikuwa zuri kuliko jibu lao. Katika nchi ambayo Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, na mwaka mwingine hata hizo hazipati, watu walijuaje majira yamefika wapi? Na walipojua, walimshukuru nani, kwa namna gani, na siku ipi?

Waturkana wanaugawa mwaka sehemu mbili. Akiporo ni wakati wa mvua, maziwa na ndoa. Akamu ni kiangazi, wakati wa kuhama, kutoboa mshipa wa ng'ombe ili kunywa damu, na kuchimba visima mchangani katika mikondo ya mito iliyokauka. Akiporo inatazamiwa kuanzia Machi au Aprili, lakini hakuna tarehe. Huanza mvua inaponyesha. Isiponyesha, mwaka hauna akiporo, basi. Ndiyo maana miaka ya Waturkana hukumbukwa kwa majina ya yaliyotokea. Ukimtajia mzee mwaka 1980 huenda asikuelewe, lakini ukimtajia Lopiar, ule wakati wa ukame, uvamizi na maradhi ya mifugo uliofagia kila kitu kati ya 1979 na 1981, atakueleza alikuwa wapi na alibaki na mbuzi wangapi.

Ibada kuu ya wenyeji hawa ni akiriket. Wanaume huketi chini katika nusu duara kwa kufuata rika na kundi, Ngimor na Ngirisae. Dume hupigwa mkuki, nyama ikachomwa hapo hapo, na mzee mmoja husimama mbele yao kumwomba Akuj, Mungu aliye juu. Hutamka jambo moja moja: mvua, nyasi, watoto, amani, maadui waende mbali. Kila jambo wote huliitikia kwa pamoja. Majani yaliyosagika yakitolewa tumboni mwa mnyama, watu hupakwa mwilini yakiwa bado na joto, kuwa baraka. Emuron, mwaguzi, ndiye husema mnyama awe wa rangi gani. Akiriket huitishwa panapokuwa na haja, mvua ikikawia au maradhi yakizuka, na hushukuru panapokuwa na cha kushukuru. Haikai ikingoja Jumapili fulani.

Mbali sana na hapo, katika vijiji vya Uingereza ilikotoka Sikukuu ya Mavuno ya makanisa ya Kenya, kanisa lilikuwa limefungamana na shamba kwa karne nyingi, kila ibada na kazi yake. Baada ya Epifania ya tarehe 6 Januari palikuwa na Jumatatu ya Plau. Vijana walikokota plau kijijini wakichangisha pesa, na kabla ya mageuzi ya dini ya karne ya 16, sehemu ya pesa hizo ilinunua mishumaa ya kuwasha kanisani, taa ya plau. Serikali ya Henry VIII na ya mwanawe Edward VI zilizima taa hizo kwa kuziona ushirikina. Tarehe 1 Agosti ilikuwa Lammas, siku ya kuleta altareni mkate wa ngano mpya.

Kati ya hizo palikuwa na ibada ambayo mimi naipenda kuliko zote: maandamano ya siku tatu kabla ya Kupaa kwa Bwana. Yalianzishwa na Askofu Mamertus wa Vienne, Ufaransa, karibu mwaka 470, mji wake ulipotishwa na matetemeko na moto. Mwaka 747 mtaguso wa Clovesho uliagiza yafanywe Uingereza. Kasisi, wazee na watoto walizunguka mpaka wote wa parokia kwa miguu, wakisali shambani, wakibariki mbegu iliyokwisha kuota. Penye jiwe la mpaka walisimama. Mtoto wa kiume aligongeshwa kwenye jiwe hilo, au akachapwa kwa fimbo ya mti, ili akumbuke mpaka hadi uzeeni. Kijiji kisichokuwa na ramani kiliiweka ramani yake kwenye miili ya watoto. Malkia Elizabeth I, aliyefuta maandamano mengine, aliyaacha haya katika maagizo yake ya 1559, kwa sababu bila mpaka hakuna ajuaye nani amtoze nani zaka, wala maskini yupi ni wa parokia ipi. Mshairi George Herbert, aliyekuwa kasisi wa kijiji cha Bemerton, aliyatetea: watu humwomba Mungu, huilinda mipaka, hupatana wakitembea pamoja, na maskini hupewa sadaka.

Sikukuu ya Mavuno, ile inayojulikana zaidi leo, ni changa kuliko hizo zote. Vijiji vilikuwa na karamu ya mavuno, ndiyo, ya nyama na pombe kwa mwenye shamba, na makasisi wengi waliichukia kwa ulevi wake. Septemba 1843, Robert Stephen Hawker, kasisi wa Morwenstow kwenye pwani ya Cornwall, aliwatangazia waumini wake kwamba Jumapili ya kwanza ya Oktoba wangepokea ekaristi kwa mkate wa ngano mpya, kama walivyofanya babu zao siku ya Lammas. Wazo hilo likaenea haraka. Makanisa yakapambwa kwa miganda, maboga na tufaha. Mwaka 1861 Jane Montgomery Campbell alitafsiri kutoka Kijerumani wimbo wa kulima na kupanda ambao mpaka sasa huimbwa siku hiyo, na mwaka 1862 makasisi wa jimbo la Canterbury wakapewa utaratibu rasmi wa ibada.

Kwa nini wakati ule? Nadhani jibu liko katika sheria ya 1836, iliyobadili zaka ya mazao kuwa malipo ya pesa. Kabla ya hapo, wakala wa kasisi aliingia shambani akachukua mganda wa kumi, na mkulima aliutazama ukiondoka kwa uchungu. Baada ya hapo, mganda ukiingia kanisani umeletwa na mwenyewe. Palipotoka tozo ndipo shukrani ilipopata nafasi.

Sikukuu hiyo ndiyo iliyosafiri na wamishenari. CMS, shirika la wamishenari wa Kianglikana ambalo mtu wake wa kwanza, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, pamoja na Wapresbiteri na wengineo, waliipanda Kenya, ikashika hasa nyanda za juu. Anayejua kanisa la Nyeri, Bungoma au Kitale anajua jinsi ilivyo: magunia ya mahindi mbele ya altare, mikungu ya ndizi, mayai kwenye kikapu, kuku aliyefungwa miguu akipiga kelele katikati ya mahubiri. Ibada ikiisha mnada huanza. Boga moja linauzwa mara tatu kwa sababu kila anayelinunua analirudisha kwa Bwana, na mzee wa kanisa anayenadi huwataja watu kwa majina hadi wafungue mikoba. Trans Nzoia tarehe za Waingereza hata hazikuwa mbali na za wenyeji, kwani mahindi hukomaa huko Oktoba na Novemba. Ilikuwa kama vazi lililoshonwa kwa ajili ya mwingine likamkaa mtu bila kukatwa.

Turkana lilikuwa jambo jingine. Sheria za kikoloni za 1902 na 1934 ziliifanya kuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Ndiyo sababu serikali iliwapeleka Lokitaung Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, na kumhamishia Kenyatta Lodwar mwaka 1959. Makanisa nayo yalikatazwa. Kilichofungua mlango ni njaa ya 1960 na 1961. Mifugo ilikufa, familia zikakusanyika katika kambi za chakula, na serikali, ikikosa watu wa kuwahudumia, ikawaruhusu wamishenari. Waliingia mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Kiltegan, Ireland, na upande wa Waprotestanti wakaingia watu wa Africa Inland, wazungu na Wakenya.

Tuutafakari mwanzo huo. Mahali pengine nchini watu walilijua kanisa kwa shule au kwa zahanati. Hapa walilijua kwa unga. Injili ilihubiriwa mwaka ambao hapakuwa na mavuno, hapakuwa na maziwa, wala mnyama wa kuchinja kwa akiriket. Wahubiri waliozaliwa katika vijiji vya Ireland na Ukambani, wenye sikukuu za kupanda na kuvuna vichwani mwao, walisimama mbele ya watu waliopanga foleni wakiwa na bakuli. Nani alete nini altareni?

Kalokol ilikua kutokana na njaa hiyo hiyo. Ghuba la Ferguson, lililokingwa na ulimi wa mchanga wa Longech, lilikuwa limejaa tilapia, na idara ya uvuvi iliwafundisha waliopoteza mifugo kutumia nyavu. Mara nyingi huandikwa kwamba Waturkana hawakujua uvuvi. Si kweli. Waliokaa ziwani walivua kwa vikapu na mikuki vizazi vingi kabla ya hapo, wakielea juu ya magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Kilichokuwa kipya ni nyavu, chumvi na soko. Ushirika wa wavuvi ukaundwa. Samaki walipasuliwa mgongoni, wakakunjuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, kisha wakafungwa marobota kwa kamba za majani ya mkoma na kupakiwa kwenye malori ya Kitale na kwingineko. Mwaka 1976 ziwa lilitoa zaidi ya tani 15,000, nyingi zikiwa za tilapia wa ghuba hilo moja dogo. Yakihesabiwa kama mavuno, nchi ya Turkana ilikuwa haijawahi kuona makubwa kuliko hayo.

Wakati huo kanisa la huko nalo lilikuwa likijengeka. Lodwar ikawa prefektura ya kitume mwaka 1968 na jimbo kamili mwaka 1978, chini ya Askofu John Mahon. Katikati, mwaka 1969, Roma ilikuwa imepanga upya kalenda. Zile siku za kuombea mazao, za Mamertus, hazikuwekewa tena tarehe moja duniani kote. Mabaraza ya maaskofu yaliachiwa kuamua zifanywe lini na jinsi gani, kulingana na mahali. Misale mpya ya 1970 ikaweka misa za kuombea mvua, za wakati wa kupanda na za kushukuru baada ya mazao, bila kusema ni mwezi gani. Ruhusa hiyo ilifika kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya Turkana. Nasikitika kwamba katika sehemu nyingi za Kenya imetumika kidogo. Ni rahisi zaidi kufuata kalenda iliyochapishwa Nairobi.

Kuhusu kiwanda cha samaki cha Kalokol mengi yamesemwa, nami nitapita haraka. Norway ililipia barabara ya lami kutoka Kitale hadi ziwani, ikajenga kiwanda chenye vyumba vya barafu, kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi siku chache. Kugandisha samaki katika joto lile kulidai umeme na maji safi ya gharama kubwa kuliko thamani ya samaki wenyewe. Kabla muongo huo haujaisha ghuba lilikuwa limekauka, mitumbwi ikalala kwenye tope lililopasuka. Oktoba 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway, na wafadhili wakaondoka.

Lakini kwa nini ghuba lilikauka? Hapa ndipo kalenda halisi ya Kalokol inapoonekana. Asilimia 90 hivi ya maji ya Ziwa Turkana hutoka Mto Omo, nao Omo hujazwa na mvua za milima ya Ethiopia kuanzia Juni hadi Septemba. Mawingu ya Kalokol yanahusika kidogo sana. Furiko hushuka, ziwa hupanda polepole hadi mwisho wa mwaka, maji hufunika majani ya ukingoni, na huko kwenye maji ya kina kifupi ndiko samaki huzaliana. Mvua ikikosekana Ethiopia miaka kadhaa, ghuba hukauka hata kama Lodwar imenyeshewa. Mvuvi wa Longech anavuna mvua ambayo hakuiona.

Mavuno ya maji nayo yanaweza kuwa na ibada yake. London kuna kanisa la St Mary-at-Hill, jirani na palipokuwa soko la samaki la Billingsgate kabla halijahamishwa mwaka 1982. Kila mwaka wakati wa mavuno wachuuzi wa samaki hupanga pale kanisani samaki wa kila aina, wakubwa kwa wadogo, na kushukuru kwa mavuno ya bahari. Hakuna boga wala mganda. Watu wa Billingsgate waliona kwamba chakula chao hakitoki shambani, wakailetea sikukuu kile walichokuwa nacho. Robota la tilapia wakavu wa Kalokol lina haki hiyo hiyo ya kulala mbele ya altare. Kadhalika mbuzi, ambaye katika parokia za Turkana si sadaka ngeni hata kidogo; huja kwa miguu yake, na ndiye fungu la kumi analolielewa mfugaji.

Hata mtama upo. Kandokando ya Turkwel na Kerio wanawake wa Kiturkana wana vishamba vya mtama tangu kabla ya ukoloni. Mto ukifurika na kurudi, mwanamke hupanda kwenye unyevu uliobaki, hufukuza ndege kutoka juu ya jukwaa la miti kutwa nzima, na baada ya miezi miwili au mitatu anavuna. Miradi ya umwagiliaji, kama ule wa Katilu uliokuja baada ya njaa ya 1961, ilijengwa juu ya maarifa ambayo wanawake hao walikuwa nayo tayari. Kwao Lammas ingekuwa siku ya furiko kupungua na suke la kwanza kuiva, tarehe yoyote itakayoangukia.

Kakuma hali ni ngumu zaidi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na miongoni mwa wa kwanza kufika walikuwa Wadinka kutoka kusini mwa Sudan, wengi wao Waanglikana. Kanisa lao linatokana na CMS iliyofika kwao mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo walikuja Turkana na sala ya Kianglikana kwa uzito wake wote, kwa lugha ya Kidinka, pamoja na nyimbo walizozitunga wenyewe wakiwa vitani na safarini. Watu hao ni wafugaji wa ng'ombe waliozuiwa kufuga ng'ombe kambini. Chakula chao kinapimwa kwenye mizani na kugawiwa kwa kadi, na mgao umekatwa mara nyingi wafadhili walipochoka. Kuna wanaochimba vibustani vya sukuma wiki karibu na bomba, wakimwagilia kwa maji yaliyotumika, na mmiliki wa kibustani kama hicho ana cha kushukuru sawasawa na mkulima wa Morwenstow. Ila wengi hawana kipande hicho cha ardhi. Kwao ibada ya kufaa ni ile ya maombi ya Mamertus, ya mji ulio hatarini, kabla hakijaota chochote.

Tangu Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mifugo ya Turkana ikafa kwa wingi. Ziwa, katika miaka hiyo hiyo, lilikuwa limepanda. Liliingia makazi ya Longech, likafunika njia na miti, likawahamisha watu ambao wazazi wao walikimbilia hapo kutoka ukame. Samaki walirudi ghubani. Basi katika Kalokol moja palikuwa na mwenye kuomboleza mbuzi na mwenye kushukuru kwa nyavu, mara nyingi ndani ya boma moja.

Maandamano ya mpaka yangekuwa na maana kubwa hapo, maana ni parokia chache nchini ambazo mipaka yake huhama kiasi hicho. Kama ningeulizwa yafanywe lini, ningesema Novemba au Desemba, maji yakiwa juu, wavuvi, wafugaji na wakulima wa mtama wakitembea pamoja kutoka soko la samaki hadi ukingo ulipofika mwaka huo. Lakini hata tarehe hiyo haiko tena mikononi mwa mvua peke yake. Tangu bwawa la Gibe III lianze kufanya kazi kwenye Omo, likazinduliwa rasmi Desemba 2016, furiko la kila mwaka hushikwa na kuachiliwa kulingana na mahitaji ya umeme wa Ethiopia. Mafundi wanaofungua na kufunga milango yake ndio wanaosaidia kuamua samaki wa Kalokol watazaliana lini, na sala ya ghuba haina budi kuwataja wao pia.